Milango ya Nyumba Iliyoinama

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, duka la vifaa vya ujenzi la mtaa wa Rosemont lilijaa watu utadhani Montreal nzima imeamka siku hiyo na kugundua kwamba majira ya baridi yamewaachia nyumba mbovu. Huyu kabeba ndoo ya rangi, yule kabeba koleo, mwingine kasimama katikati ya njia akibishana na simu. Odile Desrochers alikuwa kwenye foleni, amevaa koti la mvua la manjano lenye pini za kushonea zilizochomekwa kwenye kola. Mkononi alishika kikapu kilichojaa mirija ya dawa ya kuziba nyufa. Nyuma yake mtu alikuwa akicheka chinichini.

Odile hakuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa, sembuse akiwa na njaa. Akageuka.

"Kuna kichekesho gani?"

"Samahani, dada. Ni hicho kikapu."

"Kikapu changu kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea. Nyumba yako ndiyo ninayoihurumia. Inaumwa mguu, wewe unaipaka dawa ya meno."

Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, wa umri wake au kumzidi kidogo. Alivaa shati la drafti jekundu, na udongo wa kijivu ulikuwa umekauka kwenye buti na suruali yake hadi magotini. Macho yalicheka hata mdomo ulipokwisha kunyamaza, jambo lililomuudhi Odile zaidi.

"Kwani wewe ni daktari wa nyumba?"

"Karibu na hapo. Nazamisha nguzo za chuma chini ya nyumba zinazodidimia. Armand Pelletier."

"Sijakuuliza jina."

"Ungeniuliza tu. Nimekupunguzia kazi."

"Na nani kakwambia nyumba yangu inadidimia?"

"Mwenye ufa wa kawaida hununua mrija mmoja. Halafu umesimama umelalia upande wa kulia, kama mtu aliyezoea sakafu ya mteremko."

Odile akajitazama. Kweli alikuwa amelala upande. Akajinyoosha kwa hasira.

"Ni uzito wa kikapu."

"Kikapu kiko mkono wa kushoto, dada."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yao akaangua kicheko. Odile alitaka kukasirika ipasavyo, lakini kicheko kikamponyoka na yeye. Kabla hajajirekebisha, Armand alishachukua mrija mmoja na kuandika namba yake ya simu ubavuni kwa kalamu ya seremala.

"Ukiisha huo, nipigie," akasema. "Na usipoisha, nipigie vilevile."

* * *

Ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa ikididimia, na Odile alilijua hilo tangu utotoni. Ilikuwa nyumba ya matofali ya ghorofa tatu, kila ghorofa na mkaaji wake, na ngazi za chuma zilizojipinda kwa nje kama nyingine zote za mtaa huo. Ilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Mti mkubwa wa jirani ulikuwa ukinyonya maji ya udongo huo kila kiangazi, na udongo ukikauka husinyaa, na nyumba hufuata. Kona ya nyuma ilikuwa imeshuka kiasi kwamba gololi ikiwekwa mlangoni mwa jiko la Odile ilijiendea yenyewe hadi chini ya mwimo wa dirisha la nyuma.

Sasa mambo yalikuwa yamefika pabaya. Mkaguzi wa manispaa alikuja, akatazama ukuta wa nyuma, akasema bila kupepesa macho: ushikiliwe kabla majani hayajapukutika, la sivyo ghorofa ya kati ihamwe. Na ghorofa ya kati alikaa mama yake Odile, Fernande, mjane mwenye miguu mibovu na ulimi mzima, aliyeingia humo siku ya harusi yake. Akitolewa, pa kwenda ni nyumba ya kutunzia wazee. Alishawaonya watu wote kwamba huko hatakula wala hatasema na mtu, na Odile alimwamini.

Mkandarasi wa kwanza alikitazama kichochoro cha nyuma, akasema mtambo wake hauwezi kupita hapo hata ukipakwa siagi. Wa pili alitaka kubomoa banda, baraza na ngazi za mama. Fernande alimfukuza kwa fimbo yake ya kutembelea.

Odile akautafuta ule mrija.

"Haloo. Ni mimi, wa dawa ya meno."

"Nimekungoja mpaka nimekonda. Ufa umefika wapi?"

"Umefika pasipokuhusu. Mtambo wako una upana gani?"

"Unapita mlango wa choo."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nimeshaupitisha mlango wa choo. Mwenyewe alikuwemo."

Odile alifunika simu kwa kiganja mpaka alipomaliza kucheka. Kisha akasema kwa sauti kavu, "Njoo Jumatatu asubuhi. Na uvue hizo buti mlangoni."

* * *

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubana mbavu. Chini ya nyumba kulikuwa na chumba ambacho dari lake lilimfika Armand kifuani, chenye baridi na harufu ya viazi vya zamani. Pampu iliachwa kichochoroni ikinguruma peke yake, mipira yake ya mafuta ikaingizwa kwa kidirisha. Armand na msaidizi wake Wilner, mwanamume mtu mzima mwenye asili ya Haiti aliyependa kuimba bila kujua maneno, walichimba kwa mikono kando ya msingi, wakaupachika vikono vya chuma. Juu ya kila kikono wakaweka jeki. Bomba refu lisingeingia humo, kwa hiyo walitumia vipande vifupi, kimoja kikiunganishwa juu ya kingine, na jeki ikavisukuma ardhini kwa uzito wa nyumba yenyewe. Bomba lilishuka kwenye udongo huo kama kijiko kwenye uji, mpaka lilipogusa mwamba na jeki ikagoma.

Juu yao, ghorofa ya chini, Odile alikuwa na chumba chake cha cherehani. Alirekebisha nguo za watu, na Juni ni mwezi wa maharusi: magauni meupe yalining'inia kila mahali, yakitikisika kila jeki ilipokaza. Siku ya pili alichoka, akapiga sakafu kwa mkasi mkubwa. Ko, ko.

Kutoka chini nyundo ikajibu juu ya bomba. Ngo, ngo.

"Nashona!" akapaza sauti.

"Na mimi nashona!" sauti ikatoka chini ya miguu yake. "Wewe juu, mimi chini, tutakutana kwenye pindo!"

"Bosi," Wilner akasikika, "mwombe kahawa kwanza, mapenzi baadaye."

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Mkasi ukigonga, nyundo inajibu. Mkasi ukigonga mfululizo, chakula tayari. Fernande alishusha supu ya dengu za manjano, siku nyingine nyama ya kusaga iliyofunikwa mahindi na viazi, na pai ya sukari ambayo Wilner aliitazama kama mtu aliyeona malaika. Armand alikula amekaa kwenye ngazi ya baraza, soksi nje, buti amezivua kama alivyoagizwa.

"Huyu anakula vizuri," Fernande alimwambia binti yake, bila kupunguza sauti. "Sylvain alikuwa anadonoa."

"Mama, Sylvain ameshaondoka. Muache apumzike."

Sylvain alikuwa mume wa Odile. Hakuwa mlevi wala mpigaji. Alikuwa mtu wa "usijali." Gari likigoma, usijali. Barua zikirundikana, usijali. Na siku Odile alipogundua kuwa ana mwanamke mwingine kule Laval, alimkuta anafunga sanduku, naye akamwambia vivyo hivyo: usijali. Tangu siku hiyo Odile aliapa kwamba mwanamume akimficha kitu, hata kiwe kidogo kama kifungo cha shati, ataoneshwa mlango.

Alimwambia Armand hivyo waziwazi, jioni moja kichochoroni, wakati maua ya jirani yakinukia na pampu imezimwa.

"Nimekuelewa, sindano yangu," Armand akasema.

"Nani sindano yako?"

"Wewe. Mwembamba, mkali, na mtu haoni ulipoangukia mpaka umchome."

"Na wewe ni panya buku. Mchana kutwa uko shimoni."

"Basi panya buku anakuahidi jambo moja. Nitakunyooshea hii nyumba. Gololi yako ikikaa katikati ya jiko bila kutembea, utakuja kucheza dansi na mimi."

"Na ikitembea?"

"Haitatembea."

Odile alimshika kola ya shati, akambusu kabla hajaongeza neno, maana mwanamume yule akiachiwa angeongea mpaka theluji ianguke.

* * *

Siku ya kuinyanyua nyumba, jeki zote zilikaza pamoja, pole pole, Wilner akisoma vipimo na Armand akifungua na kufunga mafuta. Kuta zilitoa mlio. Vumbi la chokaa likamwagika juu ya vazi la harusi la mtu. Odile alikuwa jikoni amepiga magoti, gololi ya kijani mbele yake. Ilitikisika, ikasita, ikatulia. Akaisukuma kwa kidole, ikaenda kidogo na kusimama.

"Imekaa!" akapiga sakafu kwa ngumi. "Armand! Imekaa!"

Armand alipanda mbio, kichwa kimejaa utando wa buibui. Alimnyanyua Odile na kumzungusha, na buti alikuwa nazo miguuni, na Odile hakusema kitu.

Ndipo kelele zikaanza juu.

"Odile! Odile, we! Nimefungiwa!"

Fernande alikuwa bafuni, na mlango ulikuwa umekaza kwenye fremu kama kizibo cha chupa. Na si huo tu. Mlango wa chumba chake ulikataa kufunguka, wa jikoni ukakataa kufungika, na wa kabati ulijiachia wenyewe na kumwaga mashuka. Armand alifungua bawaba kwa bisibisi akamtoa mama wa watu, aliyejifunga taulo na kushika fimbo.

"Ndiyo kunyooka huku?" Fernande akauliza. "Nyumba imenyooka, mimi nimefungwa jela?"

"Ni milango tu, Mama," Odile akasema, bado anacheka. "Tutanunua mipya."

Fernande alitazama ule mlango ulioegemezwa ukutani, akapapasa ukingo wake wa chini kwa kidole, kisha akaenda kuvaa. Odile hakuliona hilo. Armand aliliona.

Kesho yake Odile alikwenda Longueuil kumpima bibi harusi mmoja aliyebadilisha mawazo kila alipovuta pumzi. Alirudi jioni, miguu inawaka, amenunua viatu vya kuchezea dansi njiani. Chini ya nyumba nati za nguzo zilikuwa zimekazwa, mitaro imefukiwa, pampu imepakiwa. Armand alikuwa amekaa barazani bila buti, uso hauna mzaha.

"Imekwisha?" Odile akauliza.

"Imekwisha. Nguzo zote ziko kwenye mwamba. Mkaguzi akija hatakuwa na neno. Mama hahami."

Odile alimbusu shavuni, akaingia jikoni, akatoa gololi mfukoni, akaiweka sakafuni kwa raha tu, kama mtu anayerudia kuonja kitu kitamu.

Gololi ikaondoka. Ikapita chini ya meza, ikashika kasi, ikagonga mwimo wa dirisha la nyuma. Tak.

Odile akaiokota. Akaiweka tena. Tak.

"Armand."

"Ndiyo."

"Nyumba imeshuka tena?"

"Haijashuka. Nimeishusha mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimeirudisha ilipokuwa, ndipo nikakaza nati. Iko salama, Odile. Haitakwenda popote tena."

"Nilikuomba iliyo salama tu? Nilikuomba iliyonyooka! Uliniahidi hapo nje, kwa mdomo wako, mdomo huohuo! Kwa nini?"

Armand alitazama dari, kisha mikono yake. "Siwezi kukwambia."

"Huwezi?"

"Nimeombwa nisiseme."

"Umeombwa na nani? Jeki?"

"Odile, usijali, baada ya siku chache..."

Hapo ndipo alipojimaliza. Lile neno lilimpata Odile katikati ya kifua. Alifungua mlango wa nyuma, akachukua zile buti, akazirusha kichochoroni, moja baada ya nyingine, na ya pili ilimfikia Wilner aliyekuwa akifunga turubai.

"Mimi nimefanya nini?" Wilner akalalamika.

"Mpeleke bosi wako kwao!"

* * *

Simu zilianza usiku huohuo, na Odile hakupokea. Siku zilizofuata alizitazama zikilia kwenye meza ya cherehani, zikitetemesha kopo la vifungo. Mara moja tu alipokea, kwa kuchoka.

"Sema."

"Naomba tuonane, sindano yangu."

"Usiniite hivyo. Umepiga unieleze kwa nini?"

"Hilo siwezi. Nimetoa ahadi."

"Na mimi ulinipa nini, peremende?"

Armand akasema kwa upole, "Nahama tarehe mosi. Mkataba wangu wa nyumba umekwisha, mwenye nyumba anamtaka mwanawe aingie. Sijui bado nitalala wapi. Nilitaka ujue tu."

"Hongera," Odile akasema, akakata, kisha akashona mkono wa gauni la mtu kinyumenyume.

Mkaguzi alikuja, akapima, akatia sahihi. Mama hahami. Lilikuwa jambo kubwa, la kufungulia chupa, na Odile hakufungua hata dirisha. Juu, Fernande aliacha kutengeneza pai. Alishinda kimya, na kimya cha Fernande kilikuwa kitu kisichojulikana katika nyumba hiyo.

Ikafika tarehe mosi Julai, siku ambayo nusu ya Montreal huhamia kwenye nyumba za nusu nyingine. Tangu alfajiri malori yalifunga barabara, magodoro yakavuka mitaa juu ya vichwa vya watu, na masofa yasiyotakiwa yakatupwa kando ya njia. Mpangaji wa Odile wa ghorofa ya juu, mpiga tarumbeta, alikuwa ameshateremsha kila kitu isipokuwa madeni yake ya sukari.

Odile alipanda kwa mama yake, akampa kikombe cha chai.

"Nimepata mkandarasi mwingine," akasema. "Anakuja Jumatatu. Ataifumua kazi ya yule mtu, ainyooshe hii nyumba, nasi tuweke milango mipya tumalize hadithi."

Kikombe kilimtoka Fernande mkononi.

"Usithubutu!"

"Mama?"

"Usithubutu kugusa milango ya baba yako!"

Odile akabaki amesimama, chai inamtiririkia kwenye kandambili.

"Milango ya baba?"

Fernande alikaa kitako kwenye kiti, akakunja midomo kama mtoto aliyekamatwa.

"Kila majira ya kuchipua, nyumba ikishaondoka kidogo, baba yako alikuwa anaivua milango hii. Wewe ulikuwa huoni, ulikuwa na mambo yako. Anailaza hapa mezani, anaipiga randa. Kidogo tu. Anairudisha, anaifunga, anasikiliza. Haijamridhisha, anaivua tena. Nilikuwa namtukana, maranda mpaka kwenye supu! Miaka yote hiyo, Odile. Hakuna mlango humu ulio na pembe sawa. Yote imekatwa kwa hii nyumba na kwa huu mwinamo. Siku ile ilipokataa kufunguka, nilihisi kama amekufa mara ya pili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Mama!"

"Ulishacheka! Ulisema tutanunua mipya."

Odile akainama kuokota kikombe.

"Nikamwomba yule kijana," Fernande akaendelea. "Nililia. Nikamwapisha asikwambie. Alisema, 'Mama, huyu ataniua.' Nikamwambia, 'Hatakuua, ni mwanangu, namjua.' Nilidhani mtagombana siku mbili, mtapatana. Mimi na baba yako tulikuwa tunagombana siku mbili."

"Kwa hiyo nyinyi wawili mlikaa hapa mkapanga nyumba yangu nyuma ya mgongo wangu."

"Ndiyo."

"Na ukaniacha nimlaani mtu wa watu siku zote hizi."

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kukwambia. Uso wako haukuwa na nafasi."

Odile hakujua ampige nani. Akaenda kwenye mlango wa bafuni, akausukuma kwa kidole kimoja. Mlango ukaenda taratibu, bila mlio, ukaingia kwenye fremu kama mkono kwenye mfuko. Akaufungua, akatazama ukingo wa chini. Ulikuwa wa mshazari, laini kabisa, mtu angedhani umezaliwa hivyo. Akasukuma wa chumbani. Akasukuma wa jikoni. Aliusukuma na kuufungua mara nyingi mno kwa mtu asiyejali.

"Anakaa mtaa gani leo?" Fernande akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, na sitaki kujua," Odile akasema, huku ameshashika funguo za gari.

* * *

Gari halikufika hata njia panda ya pili. Kabati la mtu lilikuwa limelala katikati ya barabara na watu wanne wakilaumiana juu yake. Odile aliliacha gari, akaenda kwa miguu, kandambili zikinata chai, mpaka akaliona lori la Armand na Wilner amekaa kwenye ukingo wa njia, anakula ndizi.

"Yuko wapi?"

Wilner akaelekeza juu kwa ganda.

Kwenye ngazi ya chuma iliyojipinda, katikati kabisa ya mzunguko, friji nyeupe ilikuwa imekwama. Haipandi, haishuki. Nyuma ya friji, kwa juu, alionekana Armand, shavu limebanwa kwenye mlango wa friji, mikono imeikumbatia.

"Mtu anayepitisha mitambo mlango wa choo!" Odile akapaza sauti.

Sauti ikatoka nyuma ya friji: "Mtambo hauna mkono wa kufungulia. Mkono wa friji umenasa."

"Ulipima?"

"Nilipima friji. Sikupima ngazi."

"Hongera, mhandisi."

"Odile, kama umekuja kunitukana, naomba unitukane huku umeshika upande huo wa chini. Nateleza."

Akapanda, akaweka bega chini ya friji. Walikuwa sasa wanapumuliana, mmoja juu, mmoja chini, friji katikati.

"Mama amesema," Odile akasema.

"Yote?"

"Mpaka maranda kwenye supu."

"Basi umejua."

"Nimejua. Na bado nimekukasirikia, usifurahi. Mama alikuwa na haki ya kulilia milango yake. Wewe hukuwa na haki ya kunirudishia nyumba usiku kwa siri kama mwizi wa kuku."

"Ilikuwa mchana."

"Armand!"

"Nakubali. Nilikosea. Nilipaswa kumwambia, 'Mama, nitafanya, lakini Odile lazima ajue.' Nilimwonea huruma nikasahau kwamba nyumba ina mwenyewe." Akavuta pumzi, friji ikashuka kidogo, wote wawili wakapiga ukelele. "Nati sikuzifukia. Nimeziachia vifuniko. Ukitaka inyooshwe, nitarudi nikunyooshee kesho, na milango ya mama nitaivua moja moja niisawazishe kwa mkono. Useme tu. Sasa ni wewe unayesema."

Odile alikuwa anaufikiria ule mlango wa bafuni ulivyokwenda bila mlio.

"Iache ilivyo," akasema. "Nimezoea kusimama upande."

"Kweli?"

"Lakini sikiliza, panya buku. Ukinificha kitu tena, hata kama mama yangu amekuapisha huku anazimia, utalala chini na nguzo zako. Na lile neno 'usijali' sitaki kulisikia mpaka nife."

"Sijawahi kulisikia neno hilo."

"Friji hii inakwenda wapi?"

"Ghala. Na mimi kwa dada yake Wilner, kwenye kochi, mpaka nipate chumba."

"Kochi ni fupi!" Wilner akasema kutoka chini.

"Kwako ghorofa ya juu iko wazi," Armand akasema polepole. "Nimesikia mpiga tarumbeta anaondoka. Ningelipa kodi vizuri."

"Sitafuti mpangaji."

"Ah."

"Natafuta mtu wa kukaa ghorofa ya chini. Anayejua kupiga randa, maana udongo umetulia lakini mbao hazijatulia. Avue buti mlangoni. Ale chakula cha mama bila kudonoa. Kanisani au manispaa, nitachagua mimi, na gauni nitashona mwenyewe, sitaki maoni."

Friji ilitetemeka. Armand alikuwa anacheka, au analia. Kwa upande wa chini haikuwezekana kujua.

"Huo ni uchumba, Odile?"

"Unadhani nimebeba friji kwa ajili ya mazoezi?"

"Nakubali!"

"Bosi," Wilner akaita, "mmekubaliana vizuri, nimefurahi sana, sasa uondoeni mkono wa friji kwa bisibisi kabla hamjafa wote wawili."

Bisibisi ikapanda, mkono ukatoka, friji ikazunguka ngazi kama bibi harusi mnene na kushuka.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa walipoifikisha jikoni kwa Odile. Fernande aliwasimamia kutoka barazani kwake, akigonga vyuma kwa fimbo kila walipokaribia mwimo wowote. "Mlango! Angalieni mlango, nyinyi!" Harufu ya pai ya sukari ilikuwa imeshaanza kushuka.

"Tuiweke wapi?" Armand akauliza, jasho linamtoka.

Odile akatoa gololi ya kijani mfukoni, akaiweka sakafuni. Ikapita chini ya meza, ikashika kasi. Tak.

"Hapo."

Armand alitazama kona ile, akatazama friji, akatoa pimamaji kwenye mfuko wa nyuma kwa mazoea ya miaka. Odile akamnyang'anya, akaitupia kwenye kikapu cha vitambaa.

"Itaegemea," Armand akasema.

"Na iegemee. Vua buti."